Beseni Chini ya Pamba

Baba yangu ametengeneza mashine za kukamulia mawese tangu mimi sijazaliwa. Ukipita Ujiji, ukishuka Kasingirima, ukaendelea hadi vijiji vya kusini kando ya ziwa, ukikuta wanawake wawili wanazunguka na mtaimbo huku mafuta mekundu yanachuruzika kwenye beseni, uliza mashine hiyo kaitengeneza nani. Nusu watakwambia ni mzee wangu, na nusu iliyobaki watakuwa waongo, au wamenunua kwa mtu aliyejifunza kwake. Najisifu, najua. Acha nijisifu mapema, maana mbele huko sitapata nafasi.

Karakana yake ni banda la mabati huko Kasingirima, na ubavuni kwake ndipo ninapouza mawese na sabuni. Mimi ni binti yake wa mwisho. Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi nyumbani Buzebazeba, mama akafariki, nikabaki mimi na baba. Asubuhi tunatoka pamoja, jioni tunarudi pamoja. Watu wakawa wanatutania kwamba baba kapata mlinzi. Mwanzoni yalikuwa matani tu.

Kaka yangu mkubwa yuko Dar es Salaam. Ana kazi nzuri na nyumba yenye chumba cha wageni, na roho yake ni nzuri pia, sitaki mtu amwone mbaya katika habari hii. Lakini alikuwa ameshaamua. Baba alikuwa amepotea akitoka msikitini, njia aliyoipita maisha yake yote, akakutwa Katonga sokoni kwa wauza samaki, amesimama anatazama maji. Walipomuuliza akasema anamsubiri mke wake. Mama tulishamzika. Siku nyingine aliacha mashine ya kuchomelea inawaka, akaenda zake kulala. Daktari alitueleza kwa upole kwamba ubongo wake unachoka, kwamba dawa za kupunguza kasi zipo, za kurudisha nyuma hakuna.

Basi kaka akasema karakana ifungwe na baba aende kuishi kwake. Mimi nikawaka. Nilimwambia ukimtoa mzee huyu kwenye chuma umemmaliza. Ukimweka sebuleni mbele ya televisheni utakuwa umemzika akiwa amekaa. Tukabishana kwenye simu mpaka chaji yangu ikaisha, nikachaji, tukaendelea kubishana. Mwisho tukakubaliana hivi: kazi itakayofuata ndiyo itakayoamua. Baba akiitoa mwanzo hadi mwisho kwa akili yake mwenyewe, karakana inabaki wazi na yeye anabaki Kigoma. Akishindwa, kaka anakuja kumchukua na mimi sifungui mdomo.

Nilikubali haraka haraka, na sababu yangu nilikuwa nayo. Nilijua kazi itakayofuata itakuwa mashine ya mawese, kama zilivyokuwa zote, na hiyo baba angeitengeneza hata akiwa amesinzia.

Wakaja wanawake wa pamba.

Walikuwa watatu, wametoka juu huko upande wa Kasulu, na mkubwa wao alikuwa mwenyekiti wa kikundi, mama mnene mwenye sauti ya chini. Alipiga goti kumsalimia baba kwa Kiha, mwakeye, na baba akaitikia vizuri, akauliza habari za mvua na za shamba. Wakaeleza shida yao. Kikundi chao kinalima pamba na kina mashine ndogo ya kuichambua, kutoa mbegu. Wamepata mtu wa kushona magodoro ng'ambo ya ziwa anayeitaka. Tatizo ni kuisafirisha. Pamba iliyochambuliwa ukiijaza kwenye magunia, lori linajaa upepo; wanalipia gari zima kubeba kitu ambacho punda angekibeba. Walitaka mashine ya kuzungushwa kwa mikono, kama zile za mawese walizoziona, ila ya kuigandamiza pamba iwe marobota.

Nilimkanyaga baba mguu chini ya benchi. Nilitaka aseme hapana, aseme hiyo si kazi yetu, nendeni Mwanza kwenye watu wa pamba. Baba akausogeza mguu wake, akasema inawezekana. Akasema kubana ni kubana, chuma hakijui kilichomo ndani. Wale mama wakafurahi, wakaacha magunia ya pamba kwa ajili ya majaribio, wakaondoka. Mimi nikabaki natazama yale magunia kama mtu aliyeletewa mgonjwa.

Sasa hapa lazima nieleze kidogo, maana bila hili hutaelewa tulivyochekwa. Mashine ya mawese ni pipa la duara lenye matundu ubavuni. Unachemsha chikichi, unazitwanga, unazimimina humo, kisha unasuka, yaani unazungusha kwa mtaimbo, skrubu kubwa inayoshusha bamba zito la chuma. Mafuta yanatoka matunduni, yanakusanyika kwenye sinia la chuma lililo chini, yanafuata mdomo wa sinia, yanaingia kwenye beseni. Ukimaliza unalegeza skrubu na kuchota machicha. Machicha yanakuwa yamekauka, yamekaa chini kama yalivyobanwa. Hakuna fundi wa mawese anayefikiria nini kitatokea skrubu ikilegezwa, kwa sababu hakuna kinachotokea.

Baba akatengeneza pipa. Kubwa, zuri, lenye matundu. Aliyechomelea ni fundi mwenzake, mtu wa makamo aliyezaliwa Burundi, aliyekuja kwetu kijana akitafuta kibarua na hajaondoka mpaka leo. Macho ya baba hayawezi tena ule mwanga, kwa hiyo mzee anapima na kuelekeza, mwenzake anachoma. Siku ya kujaribu tukashindilia pamba, wanaume wakashika mtaimbo, wakazunguka wakazunguka. Pamba ikashuka mpaka ikawa kidogo chini ya pipa, mimi mwenyewe nikapiga makofi. Baba akaamuru walegeze. Bamba likapanda, na pamba ikapanda nalo. Ikapanda taratibu, bila aibu, mpaka ikajaa pipa lote kama unga uliotiwa hamira, na nyingine ikachungulia kwenye matundu pande zote, pipa likaota ndevu nyeupe.

Watu wa karakana za jirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Fundi wa baiskeli wa mbele yetu akasema mzee amefuga kondoo. Baba naye alicheka sana, na moyo wangu ukatulia, maana lilikuwa kosa la fundi wa mawese, kosa ambalo hata aliyezaliwa jana katika kazi hiyo angelifanya. Halikuwa na ugonjwa ndani yake.

Siku zilizofuata nilimwona baba niliyemfahamu. Alikuwa anatembea na pamba mkononi. Anaifinya ngumi, anafungua, anaitazama inavyovimba, anafinya tena. Wakati wa kula ninamwekea ugali na dagaa, anakula kwa mkono mmoja, mwingine una pamba. Nilimuuliza anaona nini humo.

"Chikichi ukiibana inakubali," akasema. "Hii haikubali. Kwa hiyo lazima ifungwe ikiwa bado imebanwa, kabla haijapata nafasi ya kukataa."

Wallahi nilitaka kumkumbatia. Akachukua chaki akachora sakafuni, na sisi tukakatazwa kukanyaga. Pipa halifai, liwe sanduku la mraba, la mbao nene zilizofungwa mikanda ya chuma, kwa sababu robota la mraba linapangika na la duara linabingirika. Pande mbili za sanduku ziwe milango yenye bawaba chini, inayolala nje kama meza. Kwenye sakafu ya sanduku na kwenye bamba la juu ichongwe mifereji, na waya zitandikwe kwenye mifereji ile kabla ya pamba kuingia. Mnajaza, mnakanyaga kwa miguu, mnasuka skrubu, mnajaza tena, mnasuka tena. Bamba likiwa bado limelala juu ya pamba kwa nguvu zote, ndipo milango inafunguliwa, waya zinavutwa juu, zinapitishwa kwenye mifereji ya bamba, zinafungwa. Baada ya hapo skrubu inalegezwa, na pamba haina pa kwenda.

Akawaza hata kitu ambacho hakuna aliyekiwaza. Pamba iliyobanwa namna ile inasukuma mlango kwa nguvu, na ukiweka komeo la kawaida, siku utakapolifyatua litakuvunja taya. Akaweka kabari ya chuma kila mlango, unaigonga kwa nyundo ukiwa umesimama pembeni, mlango unaachia kidogo kidogo. Nilipiga picha ule mchoro wa sakafuni nikamtumia kaka. Kisha nikampigia simu ya video nikamshikisha baba. Kaka akamuuliza hili na lile, kwa nini milango miwili, kwa nini mbao na si bati tupu, na baba akajibu yote, tena akamtania kwamba huko Dar es Salaam wamemlisha nini mpaka anauliza maswali ya kitoto. Kaka akasema basi, atakuja siku ya kuwakabidhi wateja aione ikifanya kazi, na ikifanya, yeye hana neno tena.

Mashine ilipokamilika tuliijaribu bila kufunga waya, kupima tu kama milango inafunguka. Ikafunguka. Nilikuwa na raha hata nikawa nagawa sabuni kwa watu wasionunua.

Siku moja kabla ya wateja kuja, nilikwenda Katonga kununua migebuka ya wageni. Kaka alikuwa anafika jioni na nilitaka ale samaki wa kwao, si wale wa barafu wanaokula huko. Nilichelewa, kwa sababu nilisimama kuwapasha wauza samaki wote habari za baba, kwamba yule mzee mliyemwona hapa amepotea ndiye huyo kesho anakabidhi mashine ambayo Kigoma haijapata kuiona. Nilipopita karakana nikirudi, mvua ilikuwa imeanza na mashine imefunikwa turubai. Fundi mwenzake alikuwa anafunga vyombo. Nilimuuliza kama yote yako sawa. Alitazama chini akasema mzee ameongeza kitu kidogo. Nikasema kama mzee ameongeza, basi ana sababu, nikaenda kukaanga samaki.

Kaka alifika, akala, akamsifia baba kwamba amenawiri. Baba alikuwa mchangamfu, akamuuliza habari za watoto mmoja mmoja, kisha akamuuliza tena, naye akajibu tena. Mimi nilijifanya naondoa sahani.

Asubuhi tulikuwa wote uani kwa karakana. Wale mama watatu walikuja na lori lao na magunia mengine. Majirani walikuja, yule wa baiskeli akiwa mbele kabisa. Fundi mwenzake na baba akavuta turubai.

Chini ya sanduku kulikuwa na sinia. Sinia jipya la chuma, limechomelewa kuzunguka miguu yote, lina kingo zilizonyanyuka, na mbele lina mdomo uliopinda vizuri kuelekea chini. Baba akaenda ndani, akatoka na beseni, akaliweka chini ya ule mdomo. Akalisogeza kidogo kushoto, akalirudisha, akasimama.

Nilimtazama fundi mwenzake. Alikuja karibu akaninong'oneza kwamba mzee alimwamuru jana. Mwanzo alidhani ni la kukusanya vumbi la pamba. Alipojua la nini, ilikuwa tayari mzee amesimama juu yake na kipimo. Akasema kwa miaka yote hiyo mzee akimwambia choma, anachoma, na hakujua aanzie wapi kumkatalia. Hata mimi nisingejua pa kuanzia.

Tukajipa moyo kwamba labda haidhuru. Pamba ikatiwa, wale mama wakaikanyaga wakicheka, wanaume wakashika mtaimbo na kaka yangu akavua koti akashika nao. Wakasuka, wakajaza, wakasuka tena. Ilishuka vizuri. Mama mwenyekiti akaja na waya zake mkononi akauliza kama sasa ni wakati wa kufungua milango.

Baba alikuwa ameinama anatazama mdomo wa sinia.

"Bado," akasema. "Kazeni."

Wakakaza. Mtaimbo ulianza kupinda na mbao zikalia. Kaka alinitazama juu ya mabega ya wenzake. Sikumtazama tena, nikatazama beseni, kana kwamba mimi pia natarajia kitu. Fundi mwenzake akagonga kabari ya mlango mmoja, kwa hofu, na mlango ukalegea kidogo ukagota. Kingo za sinia zilikuwa zimeuzuia. Milango inalala nje, nimeshasema, na sasa haikuwa na pa kulalia. Baba alipomwona na nyundo akamkemea aache, akifungua sasa mafuta yatarudi ndani.

Hakuna aliyecheka. Ningeshukuru kama wangecheka. Yule fundi wa baiskeli, bingwa wa matani, alivua kofia yake akawa anaichunguza. Baba akageuka kwa wale mama akawauliza kwa ukali kidogo kama waliichemsha, kwa sababu mtu akileta mali haijachemshwa vizuri, asilaumu mashine. Mama mwenyekiti akapiga goti kama siku ya kwanza, akasema samahani Mzee, labda haikuiva sawasawa. Alisema hivyo kwa heshima kamili. Nilimpenda na nilimchukia wakati huohuo.

Nilimwomba baba twende ndani akanywe chai. Akakataa, akasema fundi haachi mashine imebanwa. Nikamwomba tena, akaniambia nisimsumbue. Nikasimama pale na mikono yangu hii, mikono ambayo imebeba ndoo za mawese maisha yangu yote, na sikupata kitu hata kimoja cha kufanya nayo. Ilikuwa imebaki kusubiri tu. Watu wote uani, na lori na dereva wake, tulikuwa tunasubiri pamba itoe mafuta.

Adhana ya adhuhuri ndiyo iliyotuokoa. Baba alinyanyua kichwa. Hilo hajalisahau, na namwomba Mungu asilisahau. Kaka akavaa koti lake, akamshika mkono, wakaenda msikitini, baba akigeuka mara mbili tatu kutazama beseni.

Walipokata kona tu, fundi mwenzake alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akawasha grenda ya kukatia chuma. Cheche ziliruka mpaka kwenye magunia, mama mmoja akasimama na ndoo ya maji, na ile sauti ikanikata masikio, nikabaki palepale kwa sababu nilijiona sina haki ya kuondoka. Sinia likaanguka. Kabari zikagongwa, milango ikalala nje taratibu kama baba alivyosema italala. Mama mwenyekiti akavuta waya, zikapita kwenye mifereji kama baba alivyosema zitapita. Akafunga, akakaza kwa koleo. Skrubu ikalegezwa.

Robota likabaki. Lilikuwa mraba, gumu, pembe zake zimesimama. Nililigonga kwa ngumi likanijibu kama ubao. Pamba iliyojaza uwanja sasa ilibebeka mikononi mwa mama mmoja. Wale wanawake wakapiga vigelegele, wakacheza kwa Kiha, wakaninyanyua mikono. Nikalia. Walidhani ni furaha na mimi nikawaacha wadhani. Mashine ilikuwa imefanya kazi, kila kitu ndani yake kilitoka kichwani kwa mzee wangu, na yeye peke yake ndiye ambaye hakuwepo kuiona.

Waliporudi kutoka msikitini mashine ilishapakiwa kwenye lori. Robota la kwanza tulilibakiza chini ili baba alione. Kaka aliliona kwanza. Akalizunguka, akaliinua upande mmoja, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba baba ni fundi wa kweli. Nikasubiri aendelee. Hakuendelea, wala hakuhitaji. Alikuwa ameona beseni.

Baba alipita robota bila kulitazama, akaenda kwenye sinia lililolala ukutani na kingo zake zilizokatwa. Akainama akapitisha kidole pale penye alama za grenda.

"Nani amekata?"

Fundi mwenzake akafungua mdomo. Nikamtangulia, nikasema ni mimi.

Hakunigombeza. Alinitazama kama mtu aliyeibiwa na ndugu yake. "Kwa nini, mama? Ilikuwa karibu kutoa."

Tukamwonyesha robota. Mama mwenyekiti akamshika mkono akamwekea juu yake, akamwambia Mzee, hii ni kazi yako, tunakushukuru, Mungu akuzidishie. Baba akalipapasa kwa adabu, kama mtu anavyopapasa kichwa cha mtoto wa jirani. Kisha akaniambia pembeni kwamba machicha haya yana mafuta bado, yasitupwe. Lori likaondoka na wale mama wakipunga mikono, na baba naye akapunga.

Jioni ile kaka hakunikumbusha makubaliano yetu. Ningeweza kugombana naye kama angenikumbusha. Nilikuwa na maneno mengi nimeyaweka tayari, kwamba mashine imefanya kazi, kwamba tulikubaliana mashine na hatukusema beseni. Aliniuliza tu nguo za baba za baridi ziko wapi, na kofia gani anaipenda kusalia. Nikamwonyesha. Nikazikunja mimi mwenyewe, kwa sababu yeye hajui kukunja kanzu.

Siku ya safari tuliamka mapema na baba hakuwa chumbani. Sikutafuta mbali. Tulimkuta karakana, ameliegesha lile sinia lililokatwa juu ya mawe mawili, mdomo wake umeelekea chini, na beseni liko mahali pake. Juu ya sinia alikuwa ameweka konzi ya pamba iliyookotwa uani. Ameketi kwenye kigoda chake, mgongo umenyooka, kama nilivyomwona maisha yangu yote akisubiri mafuta ya kwanza ya mashine mpya.

Nikachuchumaa kando yake, nikamwamkia. Akaniuliza kama ile mali ilichemshwa.

Nikasema, "Tumeichemsha, baba."

Akaridhika. Kaka alikuwa amesimama mlangoni na begi la baba mkononi, na nje bajaji ya kutupeleka stendi ilikuwa inanguruma. Alinitazama ili niseme mimi. Nikamtazama ili aseme yeye. Baba akachovya kidole kwenye beseni kavu, akakilamba, akafikiri kidogo.

"Bado," akasema. Kisha akaniinamia sikioni asije akamwaibisha mtu. "Mwambie huyo mgeni aliye mlangoni aweke mzigo chini, asubiri kidogo. Hatuwezi kumrudisha na chombo kitupu."